Majina ya Askari Wetu Yasizame Baharini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mabaharia wa majahazi, wavuvi na jamaa zao. Twaichapa kama ilivyosomwa.)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu mabaharia na wavuvi,

Twawashukuru kwa kuacha kazi na kuja kukaa nasi, hali maji yanajaa na kila nahodha anaitazama nanga yake. Hatutawaweka sana. Neno tulilo nalo ni moja: sisi tukaao vyomboni tutawaheshimu namna gani wazee wetu waliokwenda vitani, nasi hatuna ukuta wa kutundika picha, wala mti wa kukaa chini yake tukahadithiana, wala kaburi la kupalilia?

Mtu wa bara aonapo jahazi likipita, tanga limejaa upepo, husema, "Wale wanasafiri." Hajui kwamba wengi wetu hatusafiri, twakaa. Chombo ndicho nyumba. Twalala juu ya mzigo, yawe magunia ya nazi au mifuko ya saruji. Twapika katika sanduku lililojazwa mchanga ili moto usile mbao. Maji ya kunywa yamo katika pipa, na siku za shwari kila mtu hupimiwa yake, mkubwa kwa mdogo. Choo chetu ni kile kibanda kinachoning'inia nyuma, tezi. Kusi likivuma twakwenda kaskazini, kaskazi likivuma twateremka kusini, na katikati, upepo ukiwa haujaamua, twangoja. Siku hizi vyombo vingi vimetiwa mashine, lakini mashine haikuondoa kufua maji ya ngama, wala kutia kalafati, wala kupaka sifa na deheni. Kazi ni ile ile ya babu zetu.

Baharia hana kabati wala sebule. Ana kasha lake moja tu. Ndani yake mna shuka, kikoi, msahafu au Biblia, kadi ya kura, na vitu vichache vya ukoo. Na katika makasha ya wengi wetu, ukifunua mpaka chini kabisa, utakuta kipande cha madini mfano wa nyota, chenye utepe uliokwisha kupotewa na rangi. Ukiuliza ni cha nani, utajibiwa, "Cha babu." Babu yupi? "Babu mzaa baba." Alipigana wapi? "Kwa Mzungu huko." Jina la kikosi chake? Hapo ndugu yetu hunyamaza, akafunga kasha. Ndugu zangu, jambo lililotukutanisha hapa ni huko kunyamaza.

Tusidhani kwamba vita ni habari ya watu wa bara na sisi wa majini hatumo. Njia yetu yote ya bahari imejaa alama za vita, na twapita kando yake kila msimu.

Tuanze na midomo ya Rufiji, mahali ambapo majahazi ya wazee wetu yalikuwa yakipakia boriti za mikoko. Tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliipiga manowari ya Kiingereza, Pegasus, penye bandari ya Unguja. Kisha ikarudi kujificha katika ile mito midogo ya Rufiji, kati ya mikoko, maana mashine zake zilikuwa zimeharibika. Vyuma vilivyoharibika vilikokotwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam vikatengenezwe, vikakokotwa tena kurudishwa. Waingereza wakaishika Mafia mwezi Januari 1915 wapate kuizingira vizuri. Tarehe 11 Julai, 1915, baada ya kupigwa sana, Wajerumani wenyewe waliizamisha manowari yao. Lakini mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikatiwa magurudumu, ikaanza kuzungushwa nchi nzima kwa vita vya nchi kavu. Nani waliikokota? Ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Waliokokota ni watu: kwa kamba mabegani, katika matope na mvua, wakila kidogo au wasile kabisa. Habari za mizinga ile zimeandikwa, hata mmoja mmoja ulikoishia. Majina ya waliovuta kamba hatuyaoni.

Sasa tuende Unguja. Kila ajaye Unguja kwa chombo hukiona kisiwa cha Chapwani. Hapo wamezikwa mabaharia wa Pegasus waliokufa asubuhi ile. Makaburi yao yapo, yanatunzwa. Hatuwaonei wivu. Kila maiti ana haki ya kaburi lake, na sisi watu wa bahari ndio wa kwanza kumwombea baharia aliyekufa, awe wa taifa lo lote. Lakini hapana budi tuulize: kama baharia mmoja wa Kiingereza ana mahali na ana jina, kwa nini wapagazi maelfu kwa maelfu waliokufa katika vita vile vile, katika nchi yao wenyewe, hawana hata kijiti?

Jibu limekwisha kutolewa na wenyewe. Mwezi Aprili 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, waliokufa katika utumishi wa Dola ya Kiingereza katika vita vya 1914 mpaka 1918, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Taarifa ile ilieleza pia fikira za maofisa wa zamani: walisema Mwafrika wa kawaida hataelewa maana ya jiwe la kaburi.

Hataelewa! Sisi ambao hatung'oi nanga kabla ya kuwasomea dua waliotutangulia! Sisi ambao mama zetu huweza kutaja majina ya marehemu wa ukoo, mpaka babu wa sita, siku ya hitima, bila kutazama karatasi! Waliokosa kuelewa si sisi.

Na katika hesabu hiyo hawamo wale waliokufa upande wa Mjerumani, askari na wapagazi wake, ambao nao walikuwa baba zetu. Hao nani atawahesabu?

Wako vijana watakaosema: jina lina faida gani kwa mtu aliyekwisha kufa? Tuwajibu kwa jambo la fedha, maana fedha kila mtu huielewa. Wapagazi walikuwa na mshahara, ingawa mdogo. Waliokufa njiani, mishahara yao ilibaki katika vitabu vya serikali. Lakini mengi ya majina yaliandikwa ovyo ovyo: huyu jina moja tu bila la baba, huyu jina la utani, huyu kijiji hakijulikani. Basi fedha nyingi hazikuwafikia wajane wala watoto. Dola ilifaidi jasho la mtu akiwa hai, ikafaidi na mshahara wake akiwa maiti, kwa sababu ya jina tu. Kwa hiyo jina ni mali. Asiye na jina katika daftari hana haki mbele ya karani.

Lipo jina moja lililobaki, nalo twalitaja kila siku bila kufikiri. Twasema, "Nakwenda Kariakoo." Kariakoo ni nini? Ni lile neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililoviringika katika midomo yetu. Pale Dar es Salaam ndipo ilipokuwa kambi yao. Nairobi nako kuna mtaa wa jina hilo hilo. Mtu anunuaye nyanya Kariakoo asimama mahali ambapo wapagazi walipangwa na kuhesabiwa. Mwambieni mwanao neno hilo mara nyingine mkimpeleka sokoni.

Ndugu zetu wa Ziwa Tanganyika nao wana alama yao, tena ni chombo kama hiki chetu. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikaletwa Dar es Salaam, ikapakiwa garini mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena, ikashushwa majini mwezi Februari 1915. Ilichukua askari na chakula chao, ikapewa na mzinga mmoja wa ile Königsberg ya Rufiji. Upande wa pili Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini, wakazivusha milima ya Kongo kwa magari ya moshi, ng'ombe, na mikono ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Liemba wenyewe, baada ya kuipaka mafuta mazito mashine zake. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina lake la sasa. Chombo kile kimezidi umri wa miaka 100, na kila mtu wa Kigoma hujua kisa chake. Ikiwa chuma chaweza kukumbukwa hivi, mtu aliyekibeba chuma hicho je?

Vita vya pili, vya 1939 mpaka 1945, viko karibu zaidi nasi, na hizo nyota zilizo makashani mwetu nyingi ni za vita hivyo. Vijana wetu waliingia Keya. Walipigana Habeshi mwaka 1941. Mwaka 1942 walivuka bahari kwenda Bukini. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, huko Bama, wakati wa mvua za masika ya kule, malaria na matope yakiwaua pamoja na risasi za Wajapani. Wengine walivaa nguo za majini: kiliundwa kikosi cha wanamaji cha Afrika ya Mashariki, watu wa Mombasa, Unguja na Tanganyika pamoja, nacho kilidumu kwa majina mbalimbali mpaka kilipovunjwa mwaka 1962. Hao walikuwa mabaharia kama sisi, na wengi walijifunza usukani katika mashua za baba zao kabla hawajamwona ofisa wa Kizungu.

Liko tukio moja ambalo kila baharia wa pwani hii anapaswa kulijua. Mwezi Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa, bandari ya Kilindini, ikiwa katika msafara wa kwenda Kolombo. Ilichukua zaidi ya watu 1,500, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, na wauguzi wa kike pia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Meli ilizama kwa dakika chache sana, askari wengi wakiwa chini. Waliobahatika kuruka walikuwa wakielea, na manowari za kuilinda meli zikawa na shauri gumu: nyambizi ilikuwa chini ya hao waeleao. Zikatupa mabomu ya maji. Nyambizi ilizamishwa baadaye siku hiyo hiyo. Walikufa karibu watu 1,300.

Wengi wa askari hao walitoka bara. Wako ambao siku waliyopanda meli Kilindini ndiyo siku ya kwanza kuiona bahari, na ndani ya juma moja bahari ikawa kaburi lao. Majina yao yameandikwa katika ukumbusho ulioko Nairobi, na hilo ni jambo jema. Lakini jamaa zao hawana mahali pa kwenda kumwaga maji wala kuweka ua. Sisi tunayo. Maji yale na haya ni maji mamoja. Kwa hiyo twasema kwamba maiti wa Khedive Ismail ni wageni wetu, na mgeni akifia nyumbani kwako wewe ndiwe wa kumwombea.

Sasa tusikwepe neno gumu. Wapo wasemao, tena si wajinga: "Wale walikuwa askari wa wakoloni. Huyu alipigana kwa ajili ya Kaizari, yule kwa ajili ya Mfalme Joji. Walichukua mishahara ya kumwua ndugu yao. Kwa nini taifa huru liwakumbuke?"

Neno hilo lina ukweli ndani yake, na hatutalifunika. Ni kweli kwamba askari wa Kijerumani walitumika kuwavunja babu zetu katika vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, na kuchoma mashamba mpaka njaa ikaua kuliko bunduki. Ni kweli kwamba katika vita vya 1914 ndugu walielekezeana bunduki, mmoja huku na mmoja kule, na wote wawili hawakuwa na ugomvi. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Lakini tuwatenge watu katika makundi yao. Mpagazi hakuulizwa, alikamatwa shambani, akafungwa kamba shingoni, akatwishwa. Wengi wa askari wa Keya walikwenda kwa sababu ya kodi na njaa, au kwa amri ya jumbe. Na aliyekwenda kwa hiari yake, akafanya dhuluma, aandikwe vile vile, na dhuluma yake ijulikane. Kukumbuka si kusifu. Twawaheshimu watu, hatuyaheshimu mabwana waliowatuma. Baba akitumwa na mdhalimu, akafa, mwanawe hamtupi baba pamoja na yule mdhalimu.

Tena yako malipo mengine ambayo mabwana hawakuyatazamia. Mtu aliyepigana Bama alimwona Mzungu akiogopa, akilia, akifa kama watu wengine. Alikutana na Wahindi waliokuwa wakidai uhuru wao. Alirudi nyumbani akakuta bahashishi ya kuagwa imepimwa kwa rangi: Mzungu wa cheo kile kile amepata zaidi, yeye kidogo. Hapo macho yakafumbuka. Kleist Sykes, aliyepigana upande wa Mjerumani katika vita vya kwanza, alikuwa miongoni mwa walioasisi Chama cha Waafrika Dar es Salaam mwaka 1929. Wanawe, Abdulwahid na Ally, walipigana Bama, na mwaka 1954 walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Kule Kenya, Waruhiu Itote alirudi kutoka Bama, akaingia msituni, akajulikana kwa jina la Jenerali China. Basi wasemao kwamba askari wa Mfalme hawana sehemu katika uhuru wetu, wasome tena.

Na tangu uhuru tumepata askari wetu wenyewe, ambao hapana anayeweza kuwauliza walimpigania nani. Wako walioanguka Msumbiji, na makaburi ya mashujaa yako Naliendele, Mtwara. Wako walioanguka katika vita vya Kagera, vilivyoanza mwaka 1978, majeshi yetu yakaingia Kampala tarehe 11 Aprili, 1979; makaburi yako Kaboya. Mwaka 2008 vijana wetu walivuka kwa vyombo kwenda Anjouan, katika visiwa vya Ngazija, wakiwa na majeshi ya Umoja wa Afrika. Mwezi Desemba 2017 askari wetu 14 waliuawa katika shambulio la usiku mmoja Kongo ya mashariki, wakiwa walinzi wa amani. Hao wana baba na mama walio hai, na watoto wanaokwenda shule. Wengine ni watoto wa pwani hii.

Ndugu zetu, pale Dar es Salaam, katikati ya mji, imesimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927. Bayoneti yake imeelekea bandarini, yaani imetuelekea sisi. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili maneno ya maana hii: apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Twapita pale kila siku. Sanamu yenyewe haina jina hata moja. Wenye kuiweka waliwaachia wana kazi ya kuyakumbuka majina, na wana ndio sisi. Tusingoje serikali peke yake, wala tusingoje wageni wa makaburi. Serikali ina kazi yake, nasi tuna yetu.

Basi twaleta mbele yenu mashauri manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila chombo kiwe na daftari la majina. Daftari la shule latosha. Aandikwe kila mzee wa ukoo wa kila baharia aliye chomboni, aliyekuwa askari, mpagazi, mpishi wa jeshi au mwanamaji: jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, kazi yake, vita alivyokwenda, na mahali alipofia ikiwa pajulikana. Lisilojulikana liachiwe nafasi, lisibuniwe. Uongo mmoja katika daftari huharibu ukweli kumi. Daftari litiwe katika nailoni, likae feulini pamoja na karatasi za chombo, na nakala yake ibaki nchi kavu, kwa mwalimu au katika ofisi ya kijiji, maana chombo huzama. Na kabla ya kuandika, waulizeni mama. Wanaume hukumbuka vita. Wanawake hukumbuka majina. Mwenye simu ya mkononi ainase sauti ya bibi yake leo, asiseme kesho.

Pili, nishani. Chumvi ya bahari hula madini kama ilavyo misumari. Nishani isilale kavu chini ya kasha. Ipanguswe, ifungwe kitambaa kikavu, iwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Na isiuzwe. Wako watu wapitao bandarini wakinunua vitu vya kale kwa bei ya sahani ya pilau. Mwenye njaa aje kwa wenzake, tutamchangia. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini nyota ya babu ikiisha kuuzwa hairudi.

Tatu, siku. Tanzania ina Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na Kenya ina yake tarehe 20 Oktoba. Mwezi wa Julai kusi limeshika, na wengi wetu tuko safarini. Hatusemi mshushe tanga katikati ya bahari. Huo si ukumbusho, ni kutafuta maiti wengine. Twasema hivi: chombo kilichotia nanga, mabaharia wakutane baada ya alasiri, nahodha asome daftari jina kwa jina, na kila mtu aombe kwa dini yake. Chombo kilicho njiani, majina yasomwe wakati wa kubadilishana zamu ya sukani, aliyeshika sukani asikie na aliyelala aamshwe asikie. Dakika tano zatosha. Na mtoto aliye chomboni kwa mara ya kwanza ndiye apewe daftari asome, hata akisoma kwa kusitasita.

Nne, walio hai. Waliopigana Kagera wakiwa vijana sasa ni wazee. Wengine wana kilema, wengine hulala macho usiku. Wengi wao wanakaa katika visiwa na vijiji ambavyo sisi ndio barabara yao. Twashauri kwamba mzee aliyevaa nguo za nchi hii, akileta gunia lake la nazi au bati zake za kuezekea, zichukuliwe bila nauli. Wenye vyombo watanung'unika, twajua. Lakini gunia moja halizamishi jahazi. Mzee huyo alichukua mzigo wa nchi nzima, wala hakutuuliza nauli.

Ndugu zetu, wazee wetu walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu atembee atakavyo ndani ya chombo, mwisho atarudi chini, penye maji yaliyokusanyika, apate kuyafua, la sivyo chombo kitazama. Taifa nalo ni hivyo. Twaweza kutembea mbele kwa maendeleo na nyuma kwa hadithi, lakini yale yaliyokusanyika chini, ya watu wasioandikwa na wasioliliwa, yatatungoja mpaka tuyashughulikie.

Maji yamekwisha kujaa, nasi hatutaki kuwakosesha upepo. Daftari tatu zimewekwa hapo mlangoni pamoja na kalamu. Asiyejua kuandika aseme, ataandikiwa. Kabla hamjateremka pwani, kila mmoja aache jina moja.

Umoja ni nguvu.